Ukanda wa Cherehani

Mwanawema aliulizwa mahari yake akiwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi, naye alijibu bila kuinua uso.

"Cherehani," alisema. "Ya miguu."

Mama yake, Bi Mwatum, alidhani ni mzaha. Wakati ule, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza, wasichana wa Jadida, kando ya Wete, walikuwa wakiomba mkufu, bangili au kitanda cha besera. Hakuna aliyeomba chuma.

"Mwenzio huomba dhahabu," Bi Mwatum alimwambia. "Dhahabu huvaliwa shingoni, mwenyewe akiondoka nayo inaondoka. Chuma hicho utakibeba vipi?"

"Sitakibeba, mama. Nitakikalia."

Si kwamba alikuwa jeuri. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, kwani mwari aliyewekwa ndani ana nafasi nyingi ya kufikiri. Alijifunza kushona kwa cherehani ya mkono ya shangazi yake, ile inayowekwa juu ya mkeka. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unabaki peke yake na kitambaa, kama mtoto aliyeachiwa ng'ombe. Mshono wa moja kwa moja unatoka, lakini kola, au bega la mkono wa gauni, au marinda ya kiunoni, huyapati sawasawa kwa mkono mmoja. Alipokuwa bado anakwenda shule alikuwa akisimama njiani kumtazama fundi mmoja barazani kwake. Miguu ya fundi yule ilifanya kazi yote ya punda, na mikono yake miwili ikawa huru kukiongoza kitambaa. Kisha Mwanawema akavunja ungo, akatolewa shule, na njia ile hakuiona tena. Mikono miwili ya fundi alibaki nayo kichwani.

Mwanamume aliyemposa aliitwa Ngwali, mnunuzi wa karafuu wa Kengeja, kusini kabisa mwa kisiwa. Mwanawema hakumjua. Hakumpenda wala hakumchukia. Alijisemea kwamba ikiwa lazima aingie katika nyumba asiyoijua, basi na aingie na kitu kimoja kilicho chake.

Mama wa bwana harusi, Bi Time, alipofika Jadida kwa mashauri, Mwanawema alimsikia kutoka nyuma ya pazia.

"Kwetu Kengeja mwanamke hakanyagi kitu ila ardhi," alisema Bi Time. "Cherehani ya miguu ni ya wanaume wa barazani. Inatikisa kizazi. Akishakosa mtoto atasema kalogwa."

"Mahari ni ya binti," alijibu Mzee Shaame, baba yake Mwanawema. "Kasema hivyo, ni hivyo."

Dukani Wete zilikuwapo mbili. Mwanawema hakuruhusiwa kwenda kuzitazama, kwa hiyo alimpa baba yake maagizo. Zungusha gurudumu kwa kidole kimoja, kisha uliachie: likisimama papo hapo, zito, likiendelea kidogo lenyewe, jepesi. Halafu mwambie mwenye duka akushonee bafta mikunjo miwili kwa kila cherehani, uniletee vipande. Mzee Shaame alirudi na vipande viwili vya bafta mfukoni, akacheka kwamba amekwenda kununua cherehani akarudi na vitambaa vya kufutia pua.

Mwanawema alivishika kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlango. Alivuta mshono kwa nguvu, akageuza, akatazama kama uzi wa juu na wa chini umelala sawa. Kipande cha cherehani ya kwanza, iliyopambwa maua ya dhahabu na kuwekewa droo tatu, kilijikunja kikaacha vitanzi upande wa chini. Cha pili, cha cherehani nyeusi isiyo na pambo, kilikaa kimya mkononi, mshono umenyooka pande zote mbili.

"Hii," alisema. "Isiyo na maua."

Alikaa na kile kipande mkononi. Cherehani aliletewa mshono wake auvute kabla ya kukubali. Kwa mume hakuletewa kitu cha kuvuta.

* * *

Cherehani ilifika Kengeja juu ya lori la abiria, imefungwa kamba pamoja na mikungu ya ndizi. Mwanawema aliiweka chini ya dirisha la ukumbi wa ndani, linaloelekea uani, akaipaka mafuta na kuifunika leso.

Ngwali hakuwa mtu mbaya kwa namna ambayo watu huielewa haraka. Alikuwa mpole wa sauti. Alileta samaki, alileta unga wa ngano, alileta sabuni ya kunukia kila alipotoka Mkoani. Ila kila aliporudi aliuliza, "Nani kaja leo?" na baada ya jibu aliuliza tena, "Na mwengine?"

Wa kwanza kuja alikuwa jirani, Mwanabaraka. Alileta kitambaa cha chiti cha maua mekundu, akakitoa chini ya buibui lake kama mtu anayetoa siri.

"Nishonee gauni, wangu. Lakini nakwambia mapema, mie gauni halinikai. Kila fundi analaumu kitambaa."

Mwanawema alimsimamisha uani akamzunguka. Mwanabaraka tangu utotoni alibeba maji na mihogo kwa bega moja, na bega lile lilikuwa limeshuka. Mwanawema hakumwambia neno. Alikata upande mmoja wa bega chini kuliko wa pili, akaficha tofauti ile ndani ya marinda, akashona. Mwanabaraka alipolivaa alitazama kifuani, akatazama upindo, ukawa umekaa sawa pande zote. Akajizungusha mara ngapi sijui.

"Kumbe halikuwa kosa la kitambaa," alisema, akacheka huku anafuta macho. "Wala halikuwa langu."

Basi wakaanza kuja. Walileta vitambaa vya chiti na doria, na kanga za kupindwa. Mwingine aliacha mayai, mwingine kikapu cha mihogo, mwingine aliacha dua tu. Kuelekea Idi sauti ya cherehani ilisikika tangu asubuhi, na Mwanawema, ambaye hakuwa ametoka mlangoni wiki nzima, alijiona kama mtu aliyetembea kijiji chote. Magauni yake yalikuwa yakitembea.

Mambo yaliharibikia barazani, baada ya sala ya alasiri. Wanaume walimtania Ngwali kama wanavyotaniana siku zote.

"Bwana Ngwali, fundi kaamka salama?"

"Suruali yangu imechanika matako. Nikuletee weye au nimpelekee fundi mwenyewe?"

"Msimcheke, jamani. Karafuu zikikosa mwaka huu, sote tutakufa njaa ila yeye. Yeye kaoa duka."

Ngwali alicheka nao. Akaja nyumbani, akapita ukumbini moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya cherehani. Mwanawema alikuwa amekaa na kipande cha mkono wa gauni chini ya sindano.

"Unafanya nini, Bwana?"

"Natoa ukanda."

"Haujachakaa."

"Najua."

Ulikuwa ukanda wa ngozi, mwembamba, unaotoka gurudumu kubwa la chini kupanda hadi gurudumu dogo la juu. Bila huo, miguu hukanyaga bure. Chini kunazunguka na juu kumekufa. Ngwali aliuviringa akautia mfukoni mwa kanzu yake.

"Cherehani ni yako," alisema kwa upole wake ule ule. "Mahari yako, hakuna aliyekunyang'anya. Iko pale pale. Mie nimechukua kamba tu. Mke wangu si fundi wa mtu."

Kuanzia siku hiyo wanawake walipogonga waliambiwa Mwanawema kapumzika. Aliyewajibu alikuwa Bi Time, ambaye aliishi nao na sasa alihamishia mkeka wake karibu na mlango. Hakufurahia kazi hiyo wala hakuilalamikia.

"Ungalitaka ya mkono," alimwambia mkwewe siku moja, akichambua mchele, "angalichukua nini? Mkono wako?" Akacheka, kisha akaona mwenziwe hacheki. "Mwanangu, mie nimeingia nyumba hino sijaota mvi hata moja. Sikufa. Na weye hutokufa."

Hilo ndilo lililomtisha Mwanawema zaidi kuliko vitisho. Kwamba hatakufa. Kwamba ataamka, atapika, atafagia, ataipangusa vumbi cherehani iliyosimama kama mgeni asiyesemeshwa, na ataulizwa nani kaja, na atajibu hakuna, mpaka naye siku moja ahamishie mkeka wake karibu na mlango wa mwingine.

* * *

Aliomba talaka. Ngwali hakupandisha sauti.

"Nimekupiga?"

"La."

"Umelala na njaa?"

"La."

"Basi nikuache kwa kosa gani? Lako au langu?"

Mwanawema aliona jibu lake lisingesikika nje ya kuta zile. Akamtumia baba yake salamu kwa mtu wa lori, kwamba aje. Mzee Shaame alikuja akiwa amekunja uso. Yeye alitaka suluhu, si talaka, na ndiyo maana alikubali waende wote kwa kadhi Chake Chake: alitumaini mtu mzima mwenye elimu atawapatanisha. Ngwali naye alichukua mtu wake, Mwalim Pandu, aliyewafundisha watoto wa Kengeja Kurani, mzee mkavu asiyependa maneno mengi.

Kadhi aliwasikiliza. Alimshauri mume arudishe ukanda, mume akasema nyumba ni yake na heshima ni yake. Alimshauri mke asubiri, mke akasema amesubiri. Mwishowe kadhi alieleza lililokuwapo katika sheria: mke akitaka kutoka na mume hana kosa la wazi, wanaweza kuachana kwa khului. Mke anarudisha mahari, mume anamwacha. Lakini lazima mume aridhie.

Kila mtu alimtazama Ngwali. Naye akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua.

"Naridhia," alisema. "Siku yoyote atakayonikabidhi cherehani ile, iko nzima na inashona, ameachika."

"Umesema siku yoyote?" aliuliza Mwalim Pandu.

"Siku yoyote, Mwalim. Hamumjui yuno. Mie anaweza kuniacha. Cherehani haiachi."

Mwanawema aliinama. Uchungu wa maneno yale ni kwamba yalikuwa ya kweli, au karibu na kweli. Bila cherehani angerudi Jadida mikono mitupu, mwanamke aliyeachwa, akae jikoni kwa mama yake na kungoja posa nyingine ya mtu mwingine asiyemjua. Kitu pekee ambacho kingemlisha nje ya nyumba ile kilikuwa ndicho bei ya kutoka.

Lori lilipofika katikati ya njia ya kurudi ndipo alipoelewa sehemu ya pili ya mtego. Nzima, na inashona. Itashonaje bila ukanda?

Aliuliza kabla usiku haujaingia, Ngwali akivua viatu.

"Ukanda?" Ngwali alipapasa mfuko mtupu. "Sikumbuki nimeuweka wapi."

Alimwomba baba yake, kabla hajarejea Jadida, amnunulie mwingine kwenye duka la Wete. Mzee Shaame alisimama kizingitini, kofia mkononi.

"Mwanangu, niombe chengine. Sitanunua mie kamba ya kumvuta binti yangu nje ya nyumba ya mumewe."

Akaondoka. Mwanawema hakumlaumu. Baba yake alimpenda, na mapenzi yake yalikuwa yameumbwa hivyo.

* * *

Alianza na kitambaa. Alisokota utepe wa marekani, akaufunga, akakanyaga. Ukateleza kwenye gurudumu ukavimba na kukatika. Akasuka kamba ya ukindu, nyembamba kadiri alivyoweza. Hiyo ilizunguka kidogo, ikaanza kutoa manyoya, ikakwama kwenye fundo. Bi Time alikuwa mkekani kwake akitazama mlango, na mgongo wake haukugeuka. Mwanawema hakujua kama haoni au hataki kuona.

Baada ya Idi ya kuchinja, Mwanabaraka alikuja kuomba chumvi. Bi Time alimwacha aingie hadi uani, kwa sababu chumvi hainyimwi. Chini ya buibui alikuwa na kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichokauka.

"Mabruki alichinja," alinong'ona, akimaanisha mumewe. "Nimemwambia naitaka ya kukalia. Kaniuliza, makalio yako yana nini. Chukua upesi."

Ngozi ilikuwa fupi. Ukanda ulitakiwa mrefu. Mwanawema aliiloweka siku nzima ndani ya ndoo chini ya maganda ya mihogo, kisha akaikata kwa mkasi kwa kuzunguka, kuanzia ukingoni kuingia katikati, kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Akapata mkanda mrefu mmoja. Aliuvuta kati ya nguzo mbili za jiko mpaka ukanyooka na kukauka, akaunganisha ncha zake kwa kipande cha waya. Kisha akafanya kosa. Alitaka ngozi iwe laini, akaipaka mafuta ya nazi. Ukanda ukawa mzuri kutazama, nao uliteleza juu ya chuma kama samaki.

Alikaa chini akalia, kwa mara ya kwanza tangu alipofika Kengeja. Alilia kwa hasira ya mtu aliyejiharibia mwenyewe.

"Majivu," ilisema sauti.

Bi Time alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi. Mwanawema aliuficha ukanda nyuma yake.

"Ya nini kuficha? Macho yangu yana utando, lakini siyo hivyo." Bi Time hakuingia. "Mafuta hutolewa kwa majivu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga ngoma. Ngozi yake ikiteleza alipaka majivu, kisha ubani uliosagwa, ikashika."

"Ubani uko ndani ya kasha lako, mama."

"Kasha sijalifunga," alisema Bi Time, akarudi mkekani kwake.

Majivu yalinywa mafuta. Ubani ulishika. Mwanawema alikanyaga polepole, na gurudumu la juu, lililokuwa limekufa miezi yote ile, lilizunguka. Sindano ikashuka ikapanda. Alipitisha kipande cha kiroba cha unga, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, na mshono ukatoka umenyooka pande zote mbili.

Alitarajia kwamba siku hiyo ndiyo siku ya kuikabidhi. Badala yake aliufungua ukanda, akauficha ndani ya mto.

Kwani sasa alikuwa na cherehani inayoshona. Ngwali alikuwa barabarani siku nyingi za wiki. Bi Time hakuona. Mwanabaraka alikuwa akiomba chumvi mara kwa mara, na kila alipokuja alileta kitambaa, na kila alipoondoka aliondoka na gauni. Mwanawema alishona adhuhuri, dirisha amelifunga, joto likimchuruza shingoni, akikanyaga taratibu ili mlio usivuke ua. Alijiambia kwamba hivi inatosha. Ana kazi yake, ana mikono yake miwili. Mlango ni mbao tu.

Hata hivyo kitu kilibadilika katika kushona kwake. Alisikiliza zaidi kuliko alivyotazama. Mguu ulisimama kila jogoo alipokimbia uani. Siku moja alikuta ameshona mkono wa gauni la binti yake Mwanabaraka ndani nje, kosa ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa anajifunza. Akauweka mkasi chini, akaitazama ile cherehani nyeusi. Ilikuwa mahari yake. Mungu na mashahidi wanajua ni yake. Na yeye alikuwa akiitumia kama anaiiba.

Mwanabaraka alipokuja kuomba chumvi, Mwanawema alimwambia, "Ijumaa, wakitoka msikitini, mwambie mumeo amlete Mwalim Pandu. Na yeye mwenyewe aje, wawe mashahidi wawili."

"Wamshuhudie nani?"

"Waje waone cherehani inashona."

"Na magauni yetu?" aliuliza Mwanabaraka, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. "Nisamehe, wangu. Nisamehe. Nitamwambia."

* * *

Ijumaa Ngwali aliwakuta ukumbini kwake: Mwalim Pandu juu ya kiti, Mabruki juu ya kasha, na mkewe amesimama kando ya cherehani, amejitanda ushungi. Leso iliyoifunika ilikuwa imekunjwa.

"Kuna nini kuno?" aliuliza.

"Ulisema siku yoyote," Mwanawema alisema. "Leo nakukabidhi."

Ngwali alitazama chini, akauona ukanda wa ngozi wenye rangi ya udongo. Hakukasirika. Uso wake ulifanya jambo ambalo Mwanawema hakulitazamia: uliogopa.

"Si ukanda wake huo," alimgeukia Mwalim Pandu. "Mie nilisema nzima."

"Ulisema nzima na inashona," Mwalim Pandu alijibu. "Ukanda wake ulikuwa kwako, hukuutoa. Tuone kama inashona."

"Kitambaa," alisema Mabruki.

Bi Time akainuka mkekani kwake, akavua kanga yake mpya ya begani, ambayo haijapindwa, akaileta mwenyewe.

"Nipindie, mwanangu."

Mwanawema alikaa. Alikunja upindo kwa vidole, akashusha sindano, akakanyaga. Hakukuwa na haja ya kusikiliza jogoo wala mlango. Dirisha lilikuwa wazi. Mikono yake miwili ilikwenda na kitambaa, ikakigeuza kwenye pembe bila kusimama, ikakinyoosha, ikakiachia. Mwalim Pandu aliinama kidogo mbele. Ngwali alisimama nyuma ya bega la mkewe, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama anavyofanya kazi. Siku zote alikuwa ameusikia mlio tu, akiwa barazani, katikati ya vicheko vya watu.

"Mwanawema," alisema.

Mkewe alikuwa kwenye pembe ya tatu.

Ngwali alitia mkono ndani ya kanzu akatoa ukanda, ule wa dukani, umeviringwa vile vile. Akauweka juu ya meza ya cherehani, karibu na mkono wake.

"Chukua. Basi. Usiikabidhi. Baki nayo na ubaki hapa. Shona."

Miguu ya Mwanawema ilisimama. Alimtazama Mwalim Pandu.

"Anaweza kulirudisha neno lake, Mwalim?"

"Neno lake limeshatoka, halirudi. Lakini kukabidhi ni kwako. Usipokabidhi, hapana lililotokea. Ni hiari yako, mwanangu, si yake wala si yetu."

Aliugusa ule ukanda. Ulikuwa laini, bora kuliko wake. Angeweza kuufunga sasa hivi, mbele ya wote. Angekuwa na cherehani, na dirisha, na kibali.

"Mwanabaraka akija na kitambaa," aliuliza taratibu, "ataingia?"

Ngwali alimtazama Mabruki, akatazama chini. "Mwanabaraka... sawa. Yeye jirani."

"Na wengine?"

"Tutaangalia."

"Na mie nikitaka kwenda kwake kumpima?"

"Nitakwambia siku ya kwenda," alisema Ngwali. Na alilisema kwa upole wa kweli, kama mtu anayetoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kutoa. Mwanawema aliuona ukubwa wake. Aliona pia kwamba ukanda ulikuwa bado mkononi mwa Ngwali, hata ukiwa juu ya meza.

Akakanyaga tena. Alimaliza pembe ya tatu, na ya nne, akarudisha mshono nyuma kidogo ili usifumuke. Akainua sindano, akakata uzi kwa meno, akampa Bi Time kanga yake.

"Imeshona?" aliuliza.

Mwalim Pandu aliushika upindo, akauvuta. "Imeshona."

"Imeshona," alisema Mabruki.

Mwanawema aliinuka kwenye kiti. Aliweka kiganja juu ya chuma chake cheusi, kikiwa bado na joto la kazi, akakiondoa.

"Bwana Ngwali, mahari yako hii. Nimekukabidhi."

Ngwali aliketi polepole ukingoni mwa kitanda cha ukumbini. Mwalim Pandu alisoma dua fupi, akasema wameachana, Mungu awape wote wawili kheri, na kwamba Mwanawema akakae eda yake kwa wazee wake.

Furushi la nguo zake lilikuwa tayari. Mabruki na Mwanabaraka wangemsindikiza hadi Wete. Alikwenda kumbusu Bi Time mkono. Bi Time aliuvuta mkono, akambusu yeye shavuni. Mwanawema alivaa buibui lake akatoka kwa mlango wa uani. Jua lilikuwa kali, na lilimpiga machoni kiasi kwamba alisimama kidogo kwenye kivuli cha ua.

Hapo aliisikia. Kutoka ndani, cherehani ilikanyagwa kwa nguvu, ikasema *kra-kra*, ikakwama. Kimya. Ikakanyagwa tena, ikakwama tena. Ni sauti ya mtu asiyejua, aliyeanza kukanyaga kabla gurudumu la juu halijashika njia yake. Linageuka kinyumenyume na kuusokota uzi wote chini ya sindano.

"Twende, wangu," alisema Mwanabaraka. "Lori halitungoji."

Mwanawema alisikia sauti ya Bi Time ndani ikimwambia mwanawe, "Niache! Kwani ni shauri lako?" na cherehani ikakwama mara ya tatu.

Alirudi hatua chache mpaka chini ya dirisha. Hakutia kichwa ndani.

"Mama!" aliita. "Gurudumu la juu! Livute kwa mkono, lije upande wako. Kwanza mkono, kisha mguu!"

Alingoja, mkono umeshika ukuta. Kisha cherehani ikaenda, polepole, bila mpango, hatua moja ndefu na moja fupi, lakini ilikwenda. Mwanawema alijifunika uso, akamfuata Mwanabaraka barabarani.